Dakika Sita Koridoni

Saa mbili asubuhi mpelelezi alikuwa amekwisha kumchosha mtunza stoo, na Jumatano ilikuwa bado mbichi kabisa.

"Nionyeshe tena," alisema.

"Mama, nimekuonyesha mara mbili."

"Ndiyo. Sasa ya tatu."

Mtunza stoo akashusha pumzi, akavuta tena boksi la mafaili mezani. Alikuwa mwanamume mnene, nadhifu, mwenye kalamu tatu mfukoni, na alikuwa na hakika kwamba kuulizwa ni kushukiwa. Hakukosea. Mwanamke aliyesimama mbele yake alikaa polisi miaka ishirini kabla ya Baraza la Hospitali kumchukua, na kote huko hakuna aliyemwita kwa jina lake. Walimwita Kwanini. Wengine walimwita hivyo kwa kumpenda, wengine kwa kuchoka naye, na yeye aliwaitikia wote sawasawa.

Kilichomleta hapa kilikuwa karatasi moja. Wodi ya moyo ya hospitali hii ilikuwa imewawekea wazee kumi na wawili vali mpya za moyo bila kuwapasua kifua. Daktari hupitisha mrija mwembamba kwenye mshipa wa paja, vali ikiwa imekunjwa ndani yake, akausukuma taratibu mpaka moyoni, na huko vali hufunguka ikashika mahali pa ile iliyochakaa. Kabla ya hapo kila mzee alitembezwa koridoni dakika sita, mita zake zikahesabiwa. Miezi sita baadaye akatembezwa tena. Mtu aliyetengenezwa moyo anatakiwa aende mbali zaidi, hilo halihitaji shule. Hawa walikwenda pungufu. Wastani ulikuwa mita mia mbili na kumi na mbili kabla, na mia moja tisini na nane baada, na karani wa Baraza, mtu mwenye rula asiye na huruma, alikuwa ameuchora mstari mwekundu unaoteremka.

"Ama vali ni mbovu, ama mkono ni mbovu," mwenyekiti wa Baraza alimwambia Kwanini. "Ijumaa saa nne tunakaa. Tukikosa maelezo, tunaifunga huduma."

Hilo lingekuwa jambo la makaratasi tu kama si kitanda cha tatu. Pale alilala mshonaji wa nguo, bibi wa miaka sabini na minne, ambaye vali yake ilikuwa imebana mpaka damu inapita kwa kuomba ruhusa. Wapasuaji wa kifua walikuwa wamemkataa katika hospitali mbili, wakisema mapafu yake hayatahimili. Zamu yake ya mrija ilikuwa Jumatatu. Wakifunga Ijumaa, Jumatatu haipo, na daktari hakumpa zaidi ya miezi mitatu.

Kwa hiyo Kwanini alianzia stoo. Kila vali ilikuja na stika tatu zenye namba moja: moja ya faili la mgonjwa, moja ya daftari la stoo, moja ya kadi anayokwenda nayo mgonjwa nyumbani. Alikuwa amezilinganisha zote, kumi na mbili kwa tatu, pamoja na tarehe za mwisho wa matumizi. Hakuna iliyopishana. Ilibaki chati ya joto la chumba.

"Mwezi huu," alisema, akiweka kidole juu yake. "Siku thelathini, kalamu moja, mwandiko mmoja, mstari haujayumba. Mtu anayeandika kila asubuhi, leo ana haraka, kesho wino umekauka. Wewe hii umeikalia mara moja ukaimaliza yote. Kwa nini?"

Mtunza stoo alitazama kwanza mlangoni. Kisha akainuka, akafungua droo kwa ufunguo, akatoa karatasi iliyotiwa ndani ya mfuko wa plastiki. Ilikuwa ya rangi ya kahawia kutoka juu hadi chini.

"Chai," alisema. "Niliimwagia chai. Nikanakili upya. Ile ya kwanza sikuitupa, maana kumbukumbu haitupwi, lakini sikutaka mtu aione."

Kwanini aliibeba mpaka dirishani, akaisoma kupitia doa, namba kwa namba. Zilikuwa zile zile. Alimrudishia.

"Wewe ni mtu mwaminifu. Ila unywe chai yako mbali."

"Tangu siku ile nakunywa nje, nimesimama," mtunza stoo alisema kwa uchungu wa kweli.

Basi vali zilikuwa nzima. Ulibaki mkono.

*

Mwenye mkono alikuwa daktari bingwa, mrefu, mpole, mwenye macho ya mtu anayelala vipande vipande. Alimpokea Kwanini katika chumba kisicho na nafasi ya viti viwili, kwa hiyo wote wawili wakasimama.

"Ungekuwa wewe ndiye mimi, ungemshuku nani?" Kwanini aliuliza.

"Ningejishuku mimi, dada. Sina budi. Nimekwisha kuzitazama video zote za upasuaji upya, kila moja, nikitafuta nilipokosea."

"Ukaona nini?"

"Vali zimekaa. Eko zao nzuri." Akaona anatazamwa. "Eko ni ile picha ya moyo ya mawimbi ya sauti. Tunaona vali ikifunguka na kufunga. Zinafunguka vizuri. Miguu iliyokuwa imevimba imekauka. Wananiambia wanapanda ngazi. Wakifika kwenye kipimo cha kutembea, wanatembea kama wafiwa. Sielewi."

"Eko za miezi sita ninazo kumi na moja. Ya kumi na mbili iko wapi?"

"Ya kinyozi. Hajaja kuifanya. Ile ya mwezi wa kwanza ilionyesha mvujo mdogo pembeni ya vali, kitu cha kuangalia tu. Kila nikimpangia, ana kichwa cha mtu kinamsubiri, amekinyoa nusu."

Kwanini aliandika. Kinyozi alikuwa amemwona tayari, na asingeweza kutomwona. Ndiye mume wa mshonaji wa kitanda cha tatu. Alifika wodini kila asubuhi akimsalimia mlinzi, mfagiaji, mpishi na kila mgonjwa kwa zamu, na hakuna aliyewahi kupita mbele yake akanyamaziwa. Mkewe alikuwa akishona vifungo vya blauzi akiwa ameegemea mito mitatu, akiongea maneno matatu matatu ili apate pumzi.

"Mwanangu," alikuwa amemwambia Kwanini jana yake. "Jumatatu yangu... ipo?"

"Bado natafuta, mama."

"Tafuta basi... Huyu mzee hajui... hata kupasha maji."

"Najua kupasha maji," kinyozi alisema. "Sijui kuyazima tu."

Kwanini alicheka, halafu akatoka nje upesi.

*

Mafaili aliyafungulia kwenye meza ya mapumziko ya wauguzi, akaweka saa yake kando. Alikuwa na desturi moja tangu polisi: hakusoma kilichoandikwa mpaka asome kwanza pasipoandikwa kitu.

Fomu ya kutembea ilikuwa na visanduku vinne. Mita. Mapigo ya moyo kabla. Mapigo baada. Sababu ya kusimama. Kabla ya upasuaji, kisanduku cha nne kilijaa kwa kila mzee: pumzi, kifua, kizunguzungu, pumzi tena. Baada ya upasuaji kilikuwa kitupu. Chote. Wazee kumi na wawili, hakuna aliyesimama kwa kuugua.

Alichukua kalamu akapiga hesabu. Mtu akitembea bila kusimama, hata ajikokote kama anayekwenda kulala, kwa dakika sita atapita mita mia tatu. Hawa walipata mia mbili. Basi dakika mbili nzima na zaidi zilikuwa zimeyeyuka.

Kisha mapigo. Themanini kabla, themanini na nne baada. Sabini na mbili kabla, sabini na tano baada. Hiyo haikuwa mioyo iliyochoka, bali mioyo isiyopewa kazi. Mmoja tu, kinyozi, alitoka sabini na nane akafika mia na ishirini na moja. Alimwekea alama ya nukta, akaendelea.

"Sista," alimwita muuguzi aliyekuwa akiosha vikombe. Ndiye aliyesimamia vipimo vyote, msichana mwenye mwandiko wa kupendeza na adabu iliyozidi. "Leo kuna wanaotembezwa?"

"Wote, mama. Jumatano ndiyo kliniki ya vali. Wote kumi na wawili wanakuja kucheki hali."

"Na kabla ya upasuaji, walitembezwa Jumatano pia?"

"Hapana. Kila mmoja siku aliyolazwa, peke yake."

Kwanini akafunga faili polepole.

"Nitakaa kwenye benchi," alisema. "Fanya unavyofanya siku zote. Mimi sipo."

*

Korido ilikuwa na mita thelathini, koni ya plastiki kila mwisho, na benchi ndefu ukutani ambapo wazee waliketi kwa safu wakisubiri zamu. Wa kwanza alikuwa dereva mstaafu wa lori. Sista akabonyeza saa.

Akaondoka vizuri, hatua ndefu, mikono inacheza. Kwanini alihesabu: mita kumi, kumi na tano. Hapo akafika usawa wa mwalimu mstaafu aliyeketi kwenye benchi, mama mwenye miwani, aliyelazwa naye wiki ile ile.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, baba. Hujambo?"

"Sijambo. Za tangu siku ile?"

"Nzuri. Watoto hawajambo?"

"Hawajambo. Yule mkubwa amehamia kazi nyingine."

"Ehee. Na mguu?"

Dereva akaupandisha mguu wa suruali ili mwalimu auone mguu usio na uvimbe. Jirani wa kushoto akainama naye atazame, akatoa maoni. Wa kulia na aliyemfuatia wakaonyesha yao, ili kulinganisha. Saa ilikuwa ikienda. Sista alisimama kando, fomu kifuani, akitabasamu kwa heshima, bila kutia neno. Dereva akatembea tena hatua nane, akafika kwa mzee mwingine.

Ilipotimu dakika ya sita dereva alikuwa na mita mia moja tisini, habari za familia nne, na mapigo sabini na sita. Sista akaandika mita. Kwenye kisanduku cha sababu ya kusimama akapiga kistari.

Kwanini alikuwa ameziba mdomo kwa kiganja. Miaka ishirini na sita ya kazi, na hajawahi kumkamata mhalifu mwenye afya namna hii.

"Njoo hapa, mwanangu," alimwita Sista pembeni. "Wanasimama."

"Wanasalimiana, mama."

"Na saa haisimami?"

"Mwongozo unasema mgonjwa akisimama, saa iendelee. Nafuata mwongozo."

"Kwenye sababu ya kusimama, kwa nini huandiki?"

Sista akamtazama kana kwamba ameulizwa kitu kisicho na adabu. "Fomu inauliza ugonjwa. Niandike 'salamu'? Na mimi nitamwambiaje mzee wa makamo ya babu yangu, achana na mwenzako, usimjulie hali? Walilazwa pamoja, wakaogopa pamoja. Mwanzo walikuwa hawana pumzi ya kusema hata jina lao. Wakianza kuongea mimi nafurahi."

"Na uko sahihi kufurahi," Kwanini alisema. "Wamepona mpaka wameharibu kipimo."

*

Marudio yalifanyika saa nane mchana. Wazee wakafungiwa kwenye chumba cha mikutano pamoja na chai, wakatolewa mmoja mmoja. Mfagiaji aliombwa akafagie ghorofa nyingine. Daktari alisimama mwisho wa korido, mikono nyuma, amesawijika uso.

Dereva wa lori: mita mia nne na tano. Mwalimu: mia tatu na themanini, na akalalamika kwamba korido imekuwa baridi, haina watu. Wa tatu, mia tatu hamsini. Wa nne akapita mia nne akitaka kuongezwa dakika. Kila namba ilipotajwa daktari alishusha mabega kidogo, na ilipofika ya tisa alikuwa amekaa chini sakafuni, mtu mzima na koti lake jeupe, anacheka peke yake. Kwanini naye alifurahi, na hakujificha.

Wa mwisho alikuwa kinyozi.

Alianza kwa mbwembwe. Akafika koni ya kwanza, akageuka, akamwona Sista.

"Hujambo, binti yangu? Mama yako hajambo?"

Sista alikuwa ameagizwa asijibu. Aliuma midomo, machozi yakamlenga.

Kinyozi akaendelea, akafika kwa daktari. "Daktari, za leo?" Kimya. Akarudi, akafika kwenye benchi. "Na wewe, mwanangu, umeshindaje?" Kwanini alishikilia kitabu chake, akatazama sakafu. Kumnyima mzee jibu la salamu kulimuuma kuliko alivyotegemea.

Hakukuwa na mtu mwingine wa kumsalimia. Kinyozi alikwenda hatua kumi zaidi, akashika ukuta. Alisimama hapo, kifua kinapanda na kushuka, na haikuwa tena mbwembwe. Akaondoka, akasimama tena. Dakika sita zilipotimia alikuwa na mita mia moja sitini na mapigo mia na thelathini.

Kwanini akamkalisha, akakaa naye.

"Wenzako walikuwa wanasimama ili wasalimiane, baba," alisema. "Wewe ulikuwa unasalimia ili usimame."

Kinyozi alivuta pumzi mara tatu kabla ya kujibu. "Tangu lini unajua?"

"Sasa hivi. Lakini moyo wako uliniambia asubuhi, sikuusikiliza. Muda gani umekuwa hivi?"

"Miezi mitatu. Kwanza ngazi. Sasa hata kusimama nikinyoa."

"Na eko umeikimbia. Kwa nini?"

"Unajua kwa nini." Akatazama upande wa wodi. "Maneno yalianza kuzagaa kwamba mnataka kufunga. Nikajisemea, nikionekana mimi vali yangu imeleta matata, ndio basi, wanafunga kweli, na mama watoto anarudi nyumbani kufa. Nikasema ngoja afanyiwe yeye kwanza. Nikishamwona anapumua, nitasema." Akamshika Kwanini mkono. "Andika kumi na mmoja, mwanangu. Mimi niseme sikufika leo. Siku tano tu nakuomba."

Kwanini hakuuondoa mkono wake. Angependa kumkubalia, na hilo lilimtisha kidogo.

"Nikiandika kumi na mmoja, baba, nitakuwa nimepata nilichotumwa kutafuta: mtu aliyeficha, na huyo ni mimi. Nitaandika kumi na wawili. Na wewe unakwenda kwenye eko sasa hivi, sio kesho."

*

Mvujo ulikuwa umekua. Daktari aliuonyesha kwenye skrini, rangi ikichirizika pembeni ya vali, akasema kwamba unazibika kwa mrija ule ule, kizibo kidogo, kazi ya saa moja. Akasema pia kwamba kinyozi angechelewa mpaka mwezi ujao, yeye angekuwa anasema maneno mengine.

Saa kumi jioni Kwanini alimpigia simu mwenyekiti, akamsomea taarifa yote. Kumi na mmoja wamepona. Kipimo kiliharibika kwa salamu, si kwa vali, na kuanzia sasa kila mgonjwa atembezwe peke yake. Wa kumi na mbili anavuja, ameonekana, atatibiwa.

"Kwa hiyo kuna aliyeharibika," mwenyekiti alisema.

"Yupo. Na dawa yake iko chumba kile kile mnachotaka kufunga. Mkifunga, mtamwua yeye na mkewe kwa saini moja."

"Unasema salamu?"

"Salamu, mheshimiwa. Nilikuwepo. Nimeonyeshwa miguu mitatu."

Mwenyekiti akakohoa, na ilikuwa dhahiri anazuia kicheko. "Jumatatu iendelee. Ijumaa utakuja utusomee mwenyewe, karani asikie."

Kwanini aliipeleka habari kitanda cha tatu kwa miguu yake. Alikuwa amejiandaa kumwambia mshonaji mambo mawili, la Jumatatu na la mumewe, na la pili alikuwa hajui alianzie wapi. Hakufika mbali.

"Anavuja," mshonaji alisema. "Sivyo?"

"Ulijua, mama?"

"Miaka arobaini na moja... nalala ubavuni kwake. Anadhani mimi... nasikiliza maneno yake. Nasikiliza pumzi." Alitulia akatafuta hewa. "Sababu ya kunyamaza... ni ile ile yake. Niliogopa wakijua... watamrudisha nyumbani, wafunge. Nikasema nipone mimi... nimsimamie."

Kinyozi alikuwa mlangoni amevaa gauni la hospitali, amesikia yote. Kwa mara ya kwanza tangu Kwanini amjue aliingia bila kumsalimia mtu.

"Aanze yeye Jumatatu," alisema hatimaye.

"Aanze yeye," mkewe alisema.

"Mama asubuhi, mzee mchana," daktari alisema nyuma yao. "Na sitaki ubishi katika wodi yangu."

Wauguzi walimlaza kinyozi kitanda cha nne. Mshonaji aliwatazama, akatikisa kichwa.

"Kisogezeni," alisema. "Kiguse hiki. Toka nimelazwa sijalala vizuri... simsikii."

Wakavisukuma vitanda mpaka vyuma vikagongana. Kinyozi akamgeukia mkewe, akafungua mdomo, tayari kwa maelezo marefu.

"Nyamaza, mume wangu," mshonaji alisema, akafumba macho. "Nakusikiliza."